Simu Ilinyamaza, Kompyuta Ikasema

Jumanne hiyo Mayala aliingia kwenye duka la Vumilia la kuchapa na kutoa kopi saa tisa alasiri, suruali imekakamaa kwa tope la machimbo ya Rwamgasa mpaka magotini, mkononi kashika simu yake kubwa iliyokufa, kama mtu aliyeokota kifaranga kilichozama.

"Mwadila, mwenye nyumba," alisalimu kwa Kisukuma huku akijitahidi kucheka.

"Nyumba gani? Pangusa miguu kwanza, nimetoka kudeki sasa hivi." Mdomo wa Vumilia ulisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa yameshamfikia, yamemkagua usoni, mabegani na mikononi. Ndiyo kawaida ya mwanamke anayempenda mtu wa kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba. Kwanza uhakikishe katoka mzima, mengine baadaye. "Simu imefanya nini?"

"Imedumbukia kwenye bwawa la kuoshea mawe. Fundi kaifungua, kaifunga, kaniambia niitafutie kaburi."

"Na ng'ombe je?"

Aliuliza polepole, maana roho yake yote ilikuwa kwenye swali hilo. Jumamosi, siku nne tu mbele, baba mdogo wa Mayala, Mzee Nkwabi, alikuwa aje na wazee wenzake nyumbani kwa mama yake Vumilia, kuleta ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Ng'ombe hao walikuwa wanunuliwe mnadani Alhamisi. Na hela ya kuwanunua haikuwa benki, wala haikuwa chini ya godoro. Ilikuwa kwenye soko la sarafu za mtandaoni, ambalo Mayala alikuwa akilifungua kwa simu hiyo hiyo iliyolala sasa juu ya meza ikichuruzika maji.

"Ng'ombe wapo," alisema Mayala. Akavuta stuli, akaketi karibu naye. "Simu imekufa, hela haijafa. Hela haikai ndani ya simu, Vumi. Simu ni mlango tu. Na kompyuta yako hii nayo ni mlango. Laini yangu nimeiweka kwenye hiki kisimu cha kitochi, zile namba za kuthibitisha zitakuja humo."

"Leo kompyuta imekuwa mlango? Si wewe uliyesema kompyuta haifai?"

"Nilisema simu ni rahisi."

Alisema hivyo mara nyingi, na Vumilia alikuwa akimkubalia. Kwenye simu ilikuwa kugusa kidole tu, mlango unafunguka. Hata akiwa kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, mtandao ukiwa wa kuvizia, angeweza kuchungulia sarafu zimepanda au zimeshuka. Kwenye kompyuta kuna paswedi ndefu, kuna namba za kuthibitisha, kuna majedwali yamejaa kama daftari la mahudhurio. Siku moja Vumilia alimwambia, "Fungulia hapa kwangu, tuone vizuri kwa upana." Mayala akamjibu kwamba kompyuta ya dukani ni ya kila mtu, akisahau kuifunga wezi watamkomba. Vumilia aliliona hilo ni la maana. Wateja wangapi wamekuja dukani kwake hapo Kalangalala kuchapisha barua za kazi, wakaondoka na kuacha mambo yao wazi? Yeye huwafungia, tena bila kusoma. Mama yake ndivyo alivyomlea.

Mama huyo, Zipora, mjane wa Mzee Luka na kiongozi wa akina mama kanisani, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini lake moja lilitosha kukunyima usingizi. Mayala alipokuja kujitambulisha, alimpa uji, akamtazama anavyounywa, akanyamaza. Alipoondoka tu akasema, "Kijana ana adabu. Ila hela ambayo huwezi kuifunga kwenye pindo la kanga, hiyo ni hela gani?"

"Mama, siku hizi ndivyo watu wanavyoweka akiba. Nimeiona mwenyewe kwenye simu yake."

"Umeona yote, mayu, au umeona alichokuonyesha?"

Siku mbili Vumilia hakuongea na mama yake kwa sababu ya swali hilo. Alilia, akafunga kula, akasema kama si Mayala basi hakuna mwingine. Mwisho Zipora akapiga magoti kando ya kitanda chake, akaomba kwa muda mrefu, akainuka na kusema sawa. Tangu wiki iliyopita alikuwa ameshaazima masufuria makubwa saba kwa akina mama wenzake.

Kwa hiyo Vumilia alipofungua kompyuta ile alasiri, alifungua kwa moyo mweupe kabisa. Mayala alisogea mpaka bega lake likagusa la Vumilia. Alinukia tope na sabuni ya kipande. Alichapa paswedi kwa kidole kimoja, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na Vumilia akageuka pembeni kwa heshima asione, lakini akatabasamu. Kitochi kikalia. Mayala akasoma namba sita, akaziandika, na ukurasa ukafunguka, juu yake pameandikwa jina lake lote: Mayala Ngusa.

"Hee! Mbona pana hivi?" Mayala alishtuka. "Kitufe cha kutoa kiko wapi? Kwenye simu kiko hapa chini."

"Huku kila kitu kimeanikwa. Lete mausi, vidole vyako ni vya sururu."

Wakacheka. Jumla ya akiba ilikuwa pale, imekamilika kama alivyosema, hata imezidi kidogo. Vumilia alishusha pumzi. Moyoni alimwambia mama yake: umeona?

Kitochi kikalia tena. "Baba mdogo huyo," alisema Mayala, akainuka haraka. "Shikamoo baba... Ndiyo, niko mjini... Hapana, hao wenye pembe ndefu waulizie bei..." Akatoka nje barazani, maana mashine ya fotokopi ilikuwa inaunguruma na mkubwa hasemeshwi kwa kupiga kelele.

Vumilia akabaki na ukurasa. Hela ili iwe ya kushikika ilikuwa lazima sarafu zitumwe kwa mtu anayezinunua, naye alipe shilingi. Akapaza sauti: "Mayala! Namtumia nani?"

"Bashiri! Yule mfanyabiashara wa sokoni! Angalia kwenye historia, yumo!"

Hakuwa na wasiwasi hata chembe alipoyasema hayo. Kwenye simu yake, historia ilionyesha tarehe, kiasi, na herufi chache zisizosomeka zikifuatiwa na nukta. Miaka miwili alikuwa akiipitisha mbele ya macho ya Vumilia namna hiyo. Hakujua kwamba kwenye kompyuta kuna nafasi, na palipo na nafasi wenye soko hilo la mtandaoni walikuwa wameongeza safu moja pembeni. Safu ya majina. Yale majina ambayo mtumaji mwenyewe huyaandika siku ya kwanza, ili asije akakosea herufi moja hela ikapotelea kusikojulikana.

Bashiri alikuwemo. Mara tatu.

Chini yake: Mama Ngusa. Chini yake tena: Mama Ngusa. Vumilia akavuta ukurasa chini. Mama Ngusa, mwisho wa mwezi. Mama Ngusa, mwisho wa mwezi. Mwezi juu ya mwezi, hakuna hata mmoja uliorukwa, miezi ishirini na miwili.

Kwanza akili yake ilimtetea. Ni mama yake mzazi huyo, anamsaidia. Lakini mama yake Mayala anaitwa Mama Mayala, kwa mtoto wake wa kwanza, nchi nzima ya kwao inamjua hivyo. Ngusa lilikuwa jina la marehemu baba yake Mayala. Ni dada yake basi? Mtoto wa dada huchukua jina la ukoo mwingine. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na ruhusa ya kuitwa Ngusa, naye ni mtoto wa kwanza wa kiume wa Mayala, anayerithi jina la babu yake. Vumilia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu jina hilo aliahidiwa yeye. Kwenye droo, chini ya bahasha, kulikuwa na karatasi aliyoichapa siku alipobadilisha wino wa printa. Wengine hujaribia wino kwa kuchapa herufi yoyote. Yeye alichapa kwa maandishi makubwa: NGUSA MAYALA.

Nje, Mayala alikuwa anacheka na baba yake mdogo.

Mlango ukafunguka, akaingia Mama Doto, jirani, na cheti cha mtoto mkononi. "Nitolee kopi mbili, mwanangu. Ee, na huyo pale nje si ndiye bwana harusi? Kachafuka hivyo na wiki ya sherehe! Mwambie Jumamosi aoge, mimi nimeshashona gauni."

"Nitamwambia, mama."

"Mbona sauti imekauka? Usiogope, mwanangu. Sisi sote tulitetemeka. Mimi nililia mpaka ng'ombe mmoja akakata kamba."

Vumilia akatoa kopi mbili, akapokea noti, akarudisha chenji bila kukosea. Mama Doto akatoka, akampa Mayala kofi la utani begani. Mayala akaingia akiwa bado anacheka.

"Baba mdogo kapata wazuri sana. Umeshatuma?"

"Bado. Kaa."

Akakaa. Vumilia akaigeuza skrini kidogo upande wa Mayala. Mayala akaitazama, kwanza kwa kutoelewa, akitafuta kitufe. Kisha macho yake yakafika kwenye ile safu. Tabasamu likabaki usoni pake peke yake, halina mtu.

"Ngusa ana umri gani?" Vumilia aliuliza.

"Vumi..."

"Nimekuuliza umri wa mtoto."

"Mwaka na miezi kumi."

"Anatembea."

"Anatembea, ndiyo." Sauti ilikuwa ndogo. "Vumilia, naomba unisikilize."

"Mama yake nani?"

"Anaitwa Lusia. Yuko Segese. Vumi, mwaka ule nilikuwa Segese miezi saba, kwenye karasha. Wewe ulikuwa Mwanza unamuuguza mama. Nilikuwa peke yangu..."

"Peke yako." Vumilia alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. "Mimi nililala chini wodini miezi miwili, kwenye kanga. Kila jioni nilikuwa nakupigia, unaniambia pole mke wangu, Mungu yupo. Alikuwa amekaa hapo hapo ubavuni?"

Mayala aliinamisha kichwa.

"Nijibu!"

"Siku nyingine, ndiyo."

Mashine ya fotokopi ilizimika yenyewe, kama kawaida yake ikichoka.

"Na hizi sarafu," alisema Vumilia. "Ulinifundisha, ukanionyesha zinavyopanda, ukaniambia hii ni akiba ya ng'ombe wetu. Kwa nini yeye unamtumia kwa njia hii? Kwa nini usimtumie kwa laini kama watu wote?"

"Kaka yake ana kibanda cha simu, ndiye anayembadilishia."

"Sijauliza nani anambadilishia. Nimeuliza kwa nini."

Mayala akasema, "Kwa laini ungeona ujumbe. Simu yangu ulikuwa unaishika."

"Basi hata akiba haikuwa akiba. Ilikuwa pazia."

"Hapana! Ya ng'ombe ni ya kweli, imo, umeiona mwenyewe! Vumi, Lusia simpendi. Yeye mwenyewe anajua. Nampelekea maziwa ya mtoto, basi. Ulitaka nimtupe?"

"Ungemtupa ningekuchukia zaidi."

"Sasa nifanye nini? Ningekuambia, ungekaa?"

Vumilia alimtazama. Alimtazama yule mwanamume aliyekuwa wake miaka minne, kovu la jiwe kwenye nyusi, na kope zilizojaa vumbi, na Mungu amsamehe, hata wakati ule mkono wake ulitaka kumpangusa.

"Ningelia," alisema. "Ningelia wiki nzima, nisikusemeshe mwezi. Halafu ningekuambia mlete. Ningemwogesha kwa mikono hii, Mayala. Ningembeba mgongoni kanisani, watu waseme wanavyotaka. Wewe hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mzuri."

Mayala akaanza kulia, bila sauti, kama wanavyolia watu wa mashimoni. "Nilikosea kuandika lile jina," alisema, na neno hilo likamaliza kila kitu kilichokuwa kimebaki.

"Hilo ndilo kosa lako? Jina?" Vumilia alicheka kicheko kifupi chenye nyongo. "Ungeandika Lusia, ningepita. Ningesema ni mteja, ni binamu. Lakini ulishindwa. Hata mafichoni, peke yako na simu yako, ulishindwa kumwita mwanamke aliyekuzalia kwa jina lake la utoto. Umempa heshima yake: Mama Ngusa. Mimi umenipa mapenzi, yeye ukampa jina. Na jina ndilo ulilokuwa umeniahidi."

"Jumamosi iendelee, Vumi. Nakuomba. Ng'ombe waje, tukae, tuyamalize wawili. Mama yako asijue kwanza."

"Asijue." Vumilia akaishika mausi. Akarudi juu, akabonyeza jina la Bashiri, akaandika kiasi, akahakikisha herufi moja moja kama anavyohakikisha majina kwenye vyeti vya watu. Ukurasa ukadai namba za kuthibitisha. Kitochi kikalia mkononi mwa Mayala.

"Soma."

Uso wa Mayala ukachangamka ghafla, kama mtu aliyesamehewa. "Nne," alianza. "Nane. Moja. Moja..." Akasoma zote sita, na Vumilia akaziandika zote sita. Kisha jibu likatokea: imetumwa.

"Ahsante, mke wangu. Ahsante. Mungu akubariki..."

"Bashiri atakulipa leo. Alhamisi nenda mnadani na baba yako mdogo, nunueni hao wenye pembe ndefu." Sauti yake ilikuwa tulivu, tena tulivu mno. "Wapelekeni Segese."

"Vumi!"

"Mtoto yule hujamkomboa. Bila ng'ombe ni wa ukoo wa mama yake, hilo unalijua kuliko mimi. Atakua anaitwa Ngusa na hana kwa Ngusa pa kwenda. Ng'ombe hao wangeingia zizini kwa mama yangu, kila asubuhi ningewaona ni ng'ombe wa mtoto wa mtu. Siwezi."

"Na mimi? Nikaishi na nani? Nakupenda wewe!"

"Najua. Ndiyo inayoniuma."

Akasogeza mshale mpaka pembeni juu, akabonyeza kutoka. Jina la Mayala Ngusa likafutika, ukabaki mlango mtupu unaodai paswedi. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi kutoka chini ya bahasha, akamwekea mkononi. Mayala aliyasoma maandishi yale makubwa.

"Mpelekee mwenyewe," alisema Vumilia. "Ni wino mzuri, haufutiki upesi."

Mayala alitaka kumgusa. Vumilia akarudi nyuma hatua moja, hatua moja tu, na hatua hiyo ilimtosha. Mayala akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaiacha simu iliyokufa mezani, akatoka. Vumilia alimsikia anavuka barabara, na alikijua kila kishindo.

Hakuwa amekaa bado Zipora alipoingia, kitabu cha nyimbo kwapani. Alikuja kuchukua karatasi ya matangazo ya ibada ya Jumatano, kama kila Jumanne. Vumilia ndiye aliyekuwa akiyachapa, bure, tangu baba yake alipofariki.

"Nimepishana na Mayala," alisema Zipora. "Kaniamkia, nikaitika. Hakuninyanyulia macho."

Akaiona simu mezani, akaona dimbwi dogo la maji lililoizunguka, akaona uso wa binti yake. Akavuta ile stuli, akaketi alipokuwa ameketi Mayala.

"Umeona yote?" aliuliza.

"Nimeona yote, mama."

Zipora hakusema nilikuambia. Hakusema hata neno moja kuhusu hela wala simu. Aliukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi masufuria," alisema mwishowe, "niwarudishie wenyewe?"

"Warudishie, mama."

Vumilia akafungua karatasi ya matangazo kwenye kompyuta. Aliiandika mwenyewe jana yake, Jumatatu asubuhi, akiimba. La kwanza lilikuwa mkesha wa Ijumaa. La pili, mazoezi ya kwaya. La tatu lilisema: Familia ya marehemu Mzee Luka inawaalika waumini wote siku ya Jumamosi, kupokea wageni wa binti yao Vumilia. La nne lilikuwa usafi wa kanisa.

Akaweka mshale mwisho wa mstari wa tatu, akaanza kufuta kurudi nyuma, herufi moja baada ya nyingine. Jina lake ndilo lililotangulia kwenda. Mstari ulipokwisha, usafi wa kanisa ukapanda wenyewe, ukawa namba tatu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu hapo.

"Nichape, mama?"

Zipora alivaa miwani, akaisogelea skrini, akasoma yote tangu juu mpaka chini, taratibu, bila kuruka.

"Chapa," alisema.